Mashati ya Hoteli na Mkasi wa Mama Mkwe

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mlangoni mwa duka langu la udobi, mikono kiunoni, nikimtazama mpiga pasi wangu anavuka barabara kwenda kwa mshindani wangu. Hakuaga. Alinipungia mkono akiwa ameshafika ng'ambo, kwenye lile duka la milango ya vioo lenye mashine zinazozunguka zenyewe, ambalo nimeapa kutolitaja jina nisije nikalitangaza bure.

Kwa aliyekuwa safarini: mimi ni dobi. Nina chumba kimoja kati ya kinyozi na muuza nafaka. Nina mabeseni sita, kamba za kuanikia uani, na mashine moja inayotetemeka kiasi kwamba ikianza kukamua, kinyozi anainua wembe na kusubiri.

Siku ileile niliyokimbiwa nilikuwa nimepokea mashati meupe thelathini na mawili ya wafanyakazi wa hoteli kubwa ya pale kona. Ya majaribio. Mama anayesimamia sare za hoteli, ambaye namwita Mama Sare lakini si mbele yake, aliniambia hivi:

"Yakirudi safi, na kila mtu akavaa la kwake, nakupa kazi yote. Shuka, taulo, vitambaa vya meza. Yakichanganyika, tusijuane."

Hakuwa anatania. Dobi aliyenitangulia aliwachanganyia, mhudumu wa baa na mpishi wakashikana mashati jikoni, kila mmoja anadai alilolivaa mwenzake ni lake. Nami niliihitaji kazi ile kufa na kupona. Wateja wangu walikuwa wanavuka barabara mmoja mmoja kufuata vioo. Bila hoteli, nilikuwa nafunga duka kabla ya mwezi kuisha.

Nikaenda nyumbani kichwa kimejaa. Mke wangu alinisikiliza, akafikiri kwa muda wa kumeza tonge moja, akasema, "Mama anakuja kukusaidia."

"Mama yupi?"

"Wangu."

Hapo ndipo tulipoishia. Laiti na maisha yangeishia hapo.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mama mkwe amesimama nje ya duka kabla hata sijafungua. Alikuwa na aproni yake mwenyewe, miwani yake mwenyewe, na mkasi mdogo unaoning'inia shingoni kwa utepe. Huyu mama alikuwa fundi cherehani miaka arobaini. Alistaafu macho yake yalipochoka kutunga uzi kwenye sindano, lakini mikono haikupewa taarifa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unafungua duka saa hizi?"

Ilikuwa saa moja na dakika tano.

Sasa, wanaume wenzangu mnaijua shida yangu. Mama mkwe ni mtu wa kusalimiwa kwa heshima, kukaribishwa kiti na kusindikizwa. Si mtu wa kukaa naye katika chumba cha hatua nane kwa sita, katikati yenu kukiwa na kapu la nguo za ndani za mtaa mzima.

Nilikuwa nimezificha nyuma ya beseni. Haijafika hata saa mbili, akaibuka nazo.

"Mwanangu, hii ya nani? Imeisha mpira kiunoni."

Alikuwa ameishika juu, kwenye mwanga, anaipima kwa vidole. Ilikuwa ya mfamasia.

"Ya... ya mteja, mama."

"Najua ya mteja. Mwambie aje nimtilie mpira. Mtu mzima hatembei hivi."

Nikajifanya hamnazo, nikaenda uani kuanika shuka ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Lakini kwenye pasi, jamani, sitaki kusema uongo. Yule mama alikuwa hatari. Mpiga pasi wangu mtoro alikuwa anapiga shati kwa dakika saba na bado kola inakunja uso. Mama alitumia dakika tatu, na shati lilisimama lenyewe kama lina mtu ndani. Kinyozi alikuja kuchungulia. Muuza nafaka akaleta suruali ambayo haikuwa chafu. Kufikia Jumanne mchana, mashati yote thelathini na mawili yalikuwa yamepangwa mezani, meupe, yamenyooka, mpaka nikajikuta naimba.

Mama Sare alikuwa anakuja Alhamisi asubuhi. Nikachukua daftari langu ili nianze kuyapanga kwa majina ya kazi zao.

Hapa lazima niwaeleze siri ya duka. Mimi siweki karatasi kwenye nguo, kwa sababu karatasi inageuka uji majini. Siandiki kwa wino, kwa sababu wino huacha doa, na hoteli ilikataa katakata. Aliyenifundisha kazi alinifundisha uzi. Kila mteja ana uzi wake, umeshonwa ndani ya kola mahali pasipoonekana. Rangi moja, idadi fulani ya mafundo. Mpishi wa mayai, nyekundu, mafundo mawili. Mhudumu wa mlangoni, kijani, fundo moja. Yote yako daftarini. Kwa miaka tisa sijawahi kumpa mtu nguo ya mwenzake, na wale wa vioo hawawezi kusema hivyo.

Nikainua kola ya shati la kwanza. Hakuna kitu.

La pili. Hakuna kitu.

La tano nililigeuza ndani nje. La kumi nilivaa miwani ya mama mkwe kuliangalia.

"Mama," nikasema, "kulikuwa na vinyuzi hapa kolani."

"Eh! Vingi!" Alifurahi kwamba nimegundua. "Mwanangu, unafua vizuri lakini hukagui. Mashati yote yalikuwa yanatoka nyuzi, tena za rangi rangi, sijui nani aliyashona. Nimeyasafisha yote." Akaugonga mkasi wake kwa kidole. "Hata moja halijanipita."

Fundi cherehani wa miaka arobaini hawezi kuona uzi umetokeza akauacha. Ni kama kumwonyesha paka panya na kumwomba ampe nafasi. Nilipaswa kulijua hilo tangu nilipouona ule mkasi.

Nilichungulia kapu la taka. Nyuzi zote zilikuwemo humo, nyekundu, kijani, njano, bluu, zimelala pamoja kwa amani.

Na sasa ninakiri mbele yenu jambo la kwanza. Nilimtazama yule mama, jasho linamtoka, uso umemng'aa kwa kazi nzuri, nikafungua mdomo nimwambie alichokifanya. Nikasema, "Asante, mama."

Asante! Mtu amebomoa nyumba yako na wewe unamshukuru kwa hewa.

Nikatoka uani na kumpigia simu mke wangu.

"Usimwambie," akasema mke wangu. "Ana presha. Na usimkasirikie."

"Sijamkasirikia. Nimempa asante."

"Basi vizuri."

"Si vizuri! Nina mashati thelathini na mawili ya watu nisiowajua, yote yanafanana!"

"Kwani we si dobi?" akauliza, akakata.

Jumatano asubuhi nilimtuma mama mkwe kwa muuza nafaka akapeleke ile suruali, nikajifungia na mashati. Nguo za wateja wengine hazikunisumbua, mwenye suruali yake anaijua. Hizi za hoteli ndizo zilizoniweka roho juu. Nilijaribu kila mbinu. Niliyapima kwa kamba, nikapata saizi tatu tu. Nikalivaa moja, nikavua, nikavaa jingine. Mwishowe nikaanza kunusa makwapa, nikitumaini kwamba huenda sikufua vizuri.

Pazia likafunguka.

"Mwanangu," mama mkwe akasema polepole, "unanusa mashati niliyoyapiga pasi?"

Nilikuwa nimevaa moja, jingine liko puani. Hakuna maelezo ya heshima kwa hali ile.

"Nataka kujua ni ya nani, mama."

"Si ungeuliza?" Akaniondoa mezani kwa kiwiko. "Hili la mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Tazama pindo la mkono lilivyosagika. Hili mwenyewe hubeba trei bega la kulia, bega limelala. Huyu ni mnene na hataki kukubali, kifungo cha tatu kimeshonwa upya mara mbili, tena kwa uzi wa kufungia magunia. Huyu ni wa jikoni, ana matone ya mafuta ya moto hapa. Huyu ana mke anayempenda."

"Hilo umelijuaje?"

"Kiraka kimetiwa kwa ndani."

Alikuwa ameyashika mashati yale kila mshono, anawajua wenyewe kuliko mama zao. Alichokosa ni jambo moja tu: hakujua ni nani hasa.

"Tukiwaona?" nikauliza.

"Nikimwona mtu anatembea, nitakuambia shati lake."

Saa sita mchana tulikuwa tumeketi kwenye kipande cha ukuta mkabala na lango la nyuma la hoteli, wakati wa kubadilishana zamu. Wafanyakazi wale huvaa vibati vya namba vifuani, na namba zote ziko kwenye orodha niliyopewa na Mama Sare, kila moja na kazi ya mwenyewe. Mama mkwe alitazama mabega, mimi nikatazama namba.

"Yule! Anayeinama upande. Lake ni lile la trei."

"Kumi na saba," nikaandika.

"Yule mwenye tumbo, anavuta pumzi akipita kwa wasichana. Kifungo cha tatu."

"Namba nne."

Mlinzi wa lango akatusogelea. Alitutazama mimi, daftari langu, na mama mkwe wangu aliyekuwa anamkodolea macho mwanaume wa watu.

"Mnamsubiri nani hapa?"

"Hatumsubiri mtu," mama mkwe akajibu. "Tunatazama mabega."

Mlinzi akafikiri kidogo, akaamua mshahara wake haufiki huko, akarudi langoni.

Tulipata ishirini na tisa. Tukawa tunacheka kama watoto waliotoroka shule. Nilikuwa sijawahi kucheka na mama mkwe wangu miaka yote kumi na moja ya ndoa. Nilimnunulia soda, akaishika bila kuifungua.

"Mwanangu. Zile nyuzi."

Nikajua.

"Zilikuwa alama?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikazikata zote."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukaniambia asante."

Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku niliyotuma posa na mjomba wangu akasahau jina la binti.

"Mimi si yai," akasema. "Nimefanya kazi na watu tangu hujazaliwa. Nimeharibu magauni mawili ya maharusi, nikaambiwa usoni, nikarudia kushona. Mtu akikosea kazini anaambiwa. Ukimfichaficha ndiyo unamwambia hana thamani yoyote, yupo yupo tu."

"Nisamehe, mama. Sitarudia."

"Hutanificha tena?"

"Sitakuficha. Na sitakuficha mbele ya watu. Wewe ndiye mpiga pasi wangu, na atakayeuliza nitamwambia."

Akafungua soda yake, akanywa. Tukarudi dukani tukayapanga mashati ishirini na tisa kwa uhakika. Matatu yaliyobaki yalikuwa ya watu wa zamu ya usiku ambao hatukuwaona. Tukayagawa kwa kubahatisha, yeye akiomba kimya kimya na mimi nikiomba kwa sauti.

Alhamisi, saa tatu kasoro, Mama Sare akaingia. Alikuwa na mkoba, kalamu nyuma ya sikio, na nyuma yake watu wawili wa zamu ya usiku waliokuwa wametoka kazini, macho mekundu.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia anapiga pasi. Mvuke ulikuwa unasikika.

Mama Sare alikagua shati moja baada ya jingine. Aliangalia kola, akaangalia mikono, akapitisha kucha kwenye mshono. Akayalinganisha na orodha yake ya alama ndogondogo, maana kumbe naye alikuwa na zake. Huyu ana kiraka, sawa. Huyu mkono wa kushoto umesagika, sawa. Alifika la ishirini na tisa na uso ukaanza kulegea.

"Nani amepiga pasi hizi?" akauliza. "Sijaona pasi ya namna hii tangu hoteli ifunguliwe."

Mvuke nyuma ya pazia ukanyamaza. Hii ndiyo nafasi niliyokuwa nimeahidi. Nilifungua mdomo.

"Hebu vaeni," Mama Sare akawaambia wale wawili kabla sijatoa neno.

Wa kwanza, mpokea wageni wa usiku, akavaa. Likamkaa. Wa pili alikuwa mlinzi, pandikizi la mtu. Akaingiza mkono mmoja, akasukuma, akaingiza wa pili. Mikono ya shati ikaishia kwenye viwiko. Akajaribu kufunga kifungo, kifungo kikaruka na kumpita Mama Sare sikioni.

"Hili ni la mpika keki," Mama Sare akasema. Uso wake ulikuwa umefungwa tena. "Nilikuambia nini?"

Ningeweza kumwambia ukweli. Ukweli ulikuwa mtamu, wenye mkasi, ukuta wa nyuma ya hoteli na mabega. Pengine hata angecheka. Lakini niliona shuka na taulo zinavuka barabara kwenda kwenye vioo, na mdomo wangu, huu huu ninaolia chakula, ukafunguka wenyewe.

"Ni mpiga pasi, mama. Mzembe. Alikata alama zangu zote. Nimeshamfukuza."

Mama Sare, sitasahau, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hivyo ndivyo ninavyotaka," akasema. "Yule dobi mwingine alinipa samahani na visingizio. Mashati mawili kati ya thelathini na mawili, na aliyekosa ameshatolewa. Huyo ni mtu ninayeweza kufanya naye kazi."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi ya mkataba, akaivuta kalamu sikioni. Nilikuwa nahesabu shuka kichwani.

Pazia likafunguka.

Mama mkwe akatoka, aproni kiunoni, mkasi shingoni, uso umelowa mvuke. Hakugomba. Alimsalimia Mama Sare kwa adabu, akawasalimia wale wawili, akasimama kando ya meza mikono imefumbatana.

"Huyu mama ni nani?" Mama Sare akaniuliza. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Mwambie, mwanangu," mama mkwe akasema, kwa upole ulionitoa jasho la mgongo. "Mimi ni nani hapa?"

Nikisema ni mpiga pasi wangu, nitakuwa nimekiri kwamba nilisema uongo dakika moja iliyopita, na karatasi inarudi mkobani. Nikisema ni mama mkwe wangu, swali linalofuata ni anafanya nini na aproni. Nilimtazama yule mama aliyenitafutia mashati ishirini na tisa kwa macho yaliyochoka. Nikatazama kalamu.

"Ni mteja," nikasema.

Nililisikia likitoka. Hata mlinzi, shati lake likiwa limembana kifua, aliinamisha kichwa.

Mama mkwe hakushtuka. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mashati. Akavua na mkasi shingoni, akauweka juu ya aproni.

"Sawa," akasema. "Kama mimi ni mteja, basi nimekuja kuchukua changu. Nilikuachia kimoja tu, miaka kumi na moja iliyopita. Kilikuwa safi, hakina hata doa. Nakitaka leo."

"Mpe mama wa watu mzigo wake kwanza," Mama Sare akaniambia, akiinua kalamu. "Mimi nasubiri. Ni kitu gani, mama, tumsaidie kutafuta?"

Mlangoni, mke wangu alikuwa anavua viatu, kapu la chakula mkononi, anatuchekea wote.

"Msihangaike," mama mkwe akasema. "Ndiye huyo anayeingia."